Tausi, Punda na Kovu la Bibi

"Huyu ni nani?"

Tuliachana na swali hilo wiki iliyopita, msomaji wangu, na najua wengine hamkulala vizuri. Yuko mmoja aliyepiga simu hapa gazetini akitaka nimnong'oneze jibu yeye peke yake. Nilimwambia mwenye haraka hana baraka, akate simu asubiri kama wenzake.

Haya, turudi sebuleni. Bibi amesimama na fimbo yake mbele ya picha kubwa iliyotolewa kwenye boksi sasa hivi. Kona moja ya fremu imeshikwa na mjukuu wake, yule fundi wa cherehani ambaye mtaa mzima humwita Fundi. Kona ya pili ameishika mpiga picha wetu, Tabasamu, naye anaogopa kumtazama Bibi.

Ana sababu ya kuogopa. Anataka kumuoa Fundi, na Bibi ndiye aliyemlea Fundi tangu utotoni. Alipokwenda kuomba, Bibi alimjibu hivi: "Maisha yangu yote nikipigwa picha natoka meno na macho tu, kama paka gizani. Siku nitakayojiona pale ukutani, mimi mwenyewe, siku hiyo nitasikiliza maneno yako."

"Nimeuliza, huyu ni nani?"

"Ni wewe, Bibi," Tabasamu akasema.

"Mimi?" Bibi akasogea karibu. "Mimi ni mweusi, kijana. Mama yangu alikuwa mweusi, na waliotupenda walitupenda hivyo hivyo. Huyu kaangukia gunia la unga."

Ilikuwa kweli tupu. Bibi wa kwenye picha alikuwa mweupe, shavu laini, makunyanzi yote yamepigwa pasi. Kilemba kimekatwa katikati. Na kidevuni hapakuwa na kitu.

"Kovu langu liko wapi?"

"Bibi, labda ni mwanga wa dirisha..." Fundi akajaribu kumwokoa mpenzi wake.

"Mwanga hauibi kovu!"

Halafu Bibi akaanza kucheka, akacheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Mtoto mzuri huyu, haki ya Mungu. Mtafuteni kwao mumrudishe, mama yake atakuwa anahangaika." Akapangusa machozi. Kisha akamgeukia Tabasamu, na kicheko kikaisha. "Jumamosi ndugu wote wanakuja. Ukuta huu ukiwa mtupu siku hiyo, hayo maneno yako utarudi nayo nyumbani."

Tabasamu akaibeba fremu yake akatoka. Alipofika getini aligeuka. Fundi alimpungia mkono, lakini hakutabasamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

*

Studioni alimkuta dada yake anakata picha za pasipoti. Dada huyu ni mkubwa wake, ndiye anayeshika kaunta, kompyuta na nidhamu. Wateja humwita Kamanda, naye hajawahi kukataa cheo hicho.

Kamanda aliiona fremu, akaweka mkasi chini, akaketi.

"Nani kamloweka bibi wa watu kwenye dawa ya kufulia?"

"Dada, usianze."

"Sijaanza bado. Nikianza utajua."

Kwa wale mliochelewa kupanda gari hili, niwaeleze haraka. Ndugu za Bibi wametawanyika kila mji, hawawezi kukusanyika dukani kuchagua picha. Kwa hiyo studio ilihitaji mahali mtandaoni ambapo mteja anaangalia picha zake, anaweka alama ya moyo kwenye ile aipendayo, anaagiza, nayo inasafishwa kwenye karatasi na kuletwa mlangoni. Kampuni mbili ziliwaruhusu kujaribu bure. Kamanda akazibatiza majina yake mwenyewe: Tausi na Punda.

Tausi, ukiifungua, piano inalia, picha zinaingia zikiruka, na jina la mteja linaandikwa kwa rangi ya dhahabu. Punda, ukiifungua, unakuta ukurasa mweupe na kitufe cha kijivu. Basi. Tabasamu aliipenda Tausi tangu noti ya kwanza ya piano.

"Nilikuuliza nini mimi?" Kamanda akasema. "Nilikuuliza, umeagiza picha ya majaribio ukaishika mkononi? Ukanijibu nini?"

"Nilisema inaonekana vizuri."

"Inaonekana wapi?"

"Kwenye kioo."

"Kwenye kioo! Sasa Jumamosi Bibi atapigilia simu yako ukutani kwa misumari? Mpiga picha mzima unanunua picha bila kuiona karatasi! Huo ndio uzuri wa mkakasi, mdogo wangu, ndani kipande cha mti."

Kamanda akavuta droo, akatoa bahasha, akamtupia juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na picha moja: Tabasamu mwenyewe, mdomo wazi, anapiga mwayo, na shati lake la njano lenye doa la chai.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa Punda. Niliiagiza kimyakimya, mzee."

"Picha zote nilizonazo, ukaiagiza hii?"

"Nilitaka kujua Punda anasema kweli au anajipendekeza. Angalia."

Tabasamu akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Njano ilikuwa njano yake. Ngozi ilikuwa ngozi yake. Hata lile jino lililomeguka lilikuwepo. Alijiona mbaya, na akajikuta anacheka.

"Asante ya punda ni mateke, dada," akasema, maana mwanamume hakubali kushindwa hivi hivi. "Ngoja kwanza niwapigie Tausi. Wanaweza kuirekebisha."

"Wapigie. Weka sauti nje, nami nifaidi."

Simu ikapokelewa na kijana mwenye sauti laini, tamu, ya mtu anayeongea huku amejiangalia kwenye kioo.

"Karibu, mpendwa! Hongera kwa kuchagua kung'aa!"

"Sikuchagua kung'aa. Nilileta picha ya bibi mweusi, nimerudishiwa bibi mwingine."

"Huo ni urembo wa papo kwa papo, mpendwa. Mashine yetu inaupendezesha kila uso bila mteja kujisumbua."

"Naomba muuzime huo urembo."

"Kuzima kupo, mpendwa, ila ni kwa waliojiunga na daraja la Almasi."

"Yaani nilipie ili msinifanyie?"

"Umeelewa haraka sana, mpendwa."

Kamanda alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Na kilemba? Kwa nini mmekikata kilemba?"

"Picha yako ilikuwa ndefu, mpendwa, karatasi yetu ni ya mraba. Mashine huondoa kisichohitajika."

"Kilemba cha bibi hakihitajiki?"

Kisha piano ikaanza kulia.

Tabasamu akakata simu. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta. "Dada," akasema taratibu, "nionyeshe huyo Punda."

*

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tabasamu alikisoma kila kitufe cha Punda kama anasoma hukumu yake. Mashine irekebishe rangi? Hapana. Mashine ilainishe uso? Hapana, hapana, hapana. Karatasi ya umbo gani? Akachukua rula akapima, akachagua inayolingana na picha, kilemba kibaki juu ya kichwa cha mwenyewe. Kamanda alisimama nyuma yake, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Akapandisha picha. Akabonyeza kitufe cha kuwapelekea ndugu wote wachague upya.

Ndipo Kamanda akapiga ukelele ambao fundi viatu wa jirani aliusikia.

"Umepandisha makapi!"

Hapa, msomaji, ni lazima ujue jinsi wapiga picha wanavyofanya kazi. Picha zikitoka kwenye kamera huwekwa kwenye folda moja, nzuri na mbaya. Kamanda huzipepeta, anazoziona zinafaa kuuzwa huzihamishia folda ya pili. Hiyo ya kwanza haionyeshwi kwa mteja hata kwa bahati mbaya. Ni sawa na kumfungulia mgeni chumba cha kulala kabla hujatandika kitanda. Na Tabasamu, macho yote kwenye vitufe, alikuwa amepandisha folda ya kwanza. Bibi kafumba macho. Bibi nusu kichwa. Kiatu cha Tabasamu. Bibi anajikuna.

"Futa! Futa upesi!"

"Nafuta, nafuta!"

Simu ikalia. Moyo mmoja. Umetoka kwa Baba Mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi.

"Kaweka moyo kwenye ipi?" Kamanda akauliza, akijiandaa kwa aibu.

Kabla hawajaangalia, moyo wa pili ukaingia, wa Shangazi. Kisha wa binamu. Kisha ikawa simu inalia mfululizo. Na mioyo yote ilikuwa imetua kwenye picha moja.

Ilikuwa picha ambayo Tabasamu aliisahau kabisa. Kazi ilikuwa imeisha, taa zimezimwa, yeye anafunga mizigo. Bibi alitokea mlango wa jikoni na birika mkononi, akamfokea: "Kaa unywe chai, acha kuwindawinda watu!" Huku anafoka, huku anacheka. Tabasamu alinyanyua kamera akafyatua mara moja bila kufikiri. Kilemba kimelala upande, kidevu kimeinuka, mwanga wa mlango umempiga usoni, na kovu liko palepale lilipozaliwa.

Chini ya picha Baba Mkubwa aliandika: "Huyu ndiye mama."

Shangazi, ambaye hajawahi kukubaliana na Baba Mkubwa hata kuhusu rangi ya geti, aliandika: "Leo nakubaliana na wewe. Usizoee."

Kamanda aliisogelea kompyuta, akaikagua picha ile tena.

"Hii mimi ndiye niliyeitupa," akasema mwishowe. "Niliona mdomo wa birika umetikisika, haukutoka wazi."

"Umetikisika kweli."

"Sasa usiende kumtangazia kila mtu."

Tabasamu alicheka, akataka kuagiza picha kubwa hapo hapo. Punda akagoma. Kitufe cha kijivu kilimwambia kwamba picha kubwa haisafishwi mpaka mwenye sura aikubali. Tausi isingeuliza. Tabasamu alijikuta anakiheshimu kile kitufe.

*

Fundi alipopata habari alikuja mbio, pini zimemjaa kwenye kola, futi ya kupimia shingoni. Aliitazama picha, akamtazama Tabasamu, akatabasamu. Msomaji, yule kijana angeweza kufa siku ile akafa ameshiba.

Lakini Bibi alipoletewa simu aliisukuma pembeni.

"Kioo kilishanidanganya mara moja. Mimi nataka karatasi."

"Bibi, ndugu wote wameikubali," Fundi akambembeleza. "Baba Mkubwa na Shangazi wamekubaliana!"

"Hao? Basi dunia inakwisha." Bibi akawa anachezea kichwa cha fimbo. Halafu akauliza kama mtu asiyejali: "Na mdogo wangu naye ameiona?"

Fundi akashtuka. Bibi na mdogo wake hawasemeshani tangu mama yao alipoacha cherehani moja na mabinti wawili. Bibi alibaki nayo, akampa Fundi, na Fundi ndiyo anayoitumia mpaka leo. Bibi Mdogo aliondoka na hasira zake, hakukanyaga tena nyumba ile.

"Hatukumpelekea, Bibi. Wewe ulisema asitajwe humu ndani."

"Nilisema asitajwe. Nilisema asione picha?"

Fundi alimpelekea Bibi Mdogo picha siku ileile. Na Tabasamu akamwagiza Punda asafishe nakala ndogo ya majaribio, ya ukubwa wa kiganja, iletwe kabla ya Jumamosi.

Ijumaa mchana bahasha ikaja. Tabasamu hakuifungua. Kamanda alimshauri achungulie, walau kidogo tu, naye akakataa.

"Ikiwa mbaya, tuione wote pamoja."

"Angalau umejifunza kitu," Kamanda akasema, akafunga studio, akamfuata. Kamanda hakosi mechi ya fainali.

*

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Lile boksi la Tausi, fremu ikiwa ndani, lilikuwa limerudishwa na Kamanda kama ushahidi, limeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Lete."

Akaifungua bahasha mwenyewe, polepole, kwa kucha. Akaitoa picha. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

Tabasamu alisikia saa ya ukutani, akasikia moyo wake, na nadhani alisikia hata moyo wa Fundi.

Bibi akainua kidole, akaligusa kovu kwenye picha. Kisha akaligusa la kwenye kidevu chake.

"Huyu namjua," akasema.

Fundi akapiga magoti kando yake, akamshika mkono.

"Tulikuwa na baiskeli moja," Bibi akasema. "Mimi naendesha, mdogo wangu kakaa nyuma, ananiziba macho kwa viganja eti nikisie tumefika wapi. Tulifika mtaroni. Alilia kuliko mimi niliyeumia." Akacheka, machozi yanamshuka. "Wale wa unga walitaka kunifutia mdogo wangu."

Akanyoosha mkono kwenye kola ya Fundi, akachomoa pini, akainuka bila fimbo. Akaichoma picha ile ndogo katikati ya ukuta mkubwa mtupu.

"Haya kijana. Nipo ukutani. Sema."

"Bibi, lakini ile kubwa bado haijasafishwa..."

"Nilisema ukutani. Nilitaja ukubwa?"

Tabasamu alikuwa amekariri hotuba ndefu yenye methali na salamu za wazazi. Yote ikayeyuka. Alibaki na yale yaliyokuwa moyoni tu.

"Bibi, nampenda mjukuu wako. Naomba nimuoe. Nitamwona alivyo siku zote, na sitampaka unga."

Kamanda akapenga kamasi kwa kishindo.

"Na wewe?" Bibi akamuuliza Fundi.

"Mimi nilishasema ndiyo zamani, Bibi. Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Basi na mimi nimesema ndiyo."

Kamanda akapiga kigelegele mpaka madirisha yakaitikia. Tabasamu alitaka kucheka, akalia. Fundi alitaka kulia, akacheka. Bibi akawaambia wote wawili wanyamaze, wanamharibia siku.

Na hapo simu ya Fundi ikalia.

Ulikuwa moyo mmoja zaidi kwenye picha ya birika. Chini yake palikuwa na maneno, na mwandishi alijiita Bibi Mdogo.

"Soma," Bibi akasema, akiketi ghafla.

Fundi akasoma. "'Dada. Kovu langu nimeliona. Nimelia, nimecheka. Yametosha, nakuja nyumbani.'"

Bibi akafumba macho. "Ah, mdogo wangu. Endelea."

"'Ila nasikia kuna kijana anamtaka mjukuu wetu. Usimwahidi mtu yeyote. Nakuja na...'" Fundi akaishusha simu.

"Anakuja na nini? Soma!"

"'Nakuja na mchumba niliyemchagulia mimi.'"

Tabasamu alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya boksi la Tausi. Kioo kikalia kra! ndani. Hakuna aliyejali.

"Nimeshasema ndiyo," Bibi akasema, akiiweka sawa fimbo yake, "na ulimi wangu hauna kitufe cha kufuta." Akafikiri kidogo. "Shida ni kwamba na wa mdogo wangu hauna."

"Amesema atafika lini?" Kamanda akauliza, mkasi haupo lakini vidole tayari vinakata.

"Hakusema."

Geti likagongwa. Si kwa mkono, kwa fimbo, kwa mapigo ya mtu anayeijua nyumba hiyo. Bibi alisimama wima, akakirekebisha kilemba chake, na uso wake ukawa wa msichana wa kwenye baiskeli.

Halafu ikasikika sauti nyingine, ya mwanamume, laini, tamu, ya mtu anayeongea huku amejiangalia kwenye kioo.

"Hodi, wapendwa! Tumefika!"

Tabasamu na Kamanda wakatazamana. Sauti hiyo walikuwa wameisikia wiki hiyohiyo, studioni, kwenye simu ya Tausi, ikiwapongeza kwa kuchagua kung'aa.